Tawi Lenye Alama Nyekundu

Moroni, 9 Februari 1987

Mpwa wangu Latoifa,

Assalamu alaykum. Nyumbani wazima, isipokuwa magoti ya mama yako. Kila Ijumaa ananiuliza lini utaacha kukaa nyumba ya kupanga. Namjibu kwamba kwetu mume ndiye anayeingia nyumba ya mke, lakini mwanamke aliyefuata kazi kisiwa cha wengine hawezi kuibeba nyumba yake kichwani. Hajaridhika na jibu hilo, nami simlaumu.

Saoudat atakuletea kopo la biskuti, kwa kuwa safari hii anakuja huko na mzigo wa vitambaa kutoka soko la Volo Volo. Ndani mna diski mbili. Kopo nimelifunga kwa uzi mweupe wa kushonea kofia, kama kawaida yangu. Diski yenye karatasi nyeupe ni nakala ya shina. Yenye karatasi ya kijani ni yako ya kufanyia kazi.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nakukataza kusahihisha programu ya kreni hapo hapo bandarini, na simu ikakatika kabla sijakujibu. Jibu ni hili. Programu yetu inafanya jambo moja: inaiuliza mizani sanduku lina uzito gani, inaulinganisha uzito huo na nguvu ya kreni, kisha inachapa karatasi ya ruhusa au inaandika HAPANA. Chini ya jibu hilo husimama watu. Kwa hiyo ni lazima iwepo nakala moja isiyoguswa na mkono wenye haraka. Hiyo ndiyo shina, nayo inakaa kwangu, kabatini.

Ukitaka kujaribu jambo, unachukua shina kama lilivyo siku hiyo, unatoa nakala, unaipa jina na unafanya kazi humo. Hilo ni tawi. Ukikosea, umekosea tawini, na bandari inaendelea kutumia shina bila habari. Ukipatia, unaniletea, nami nalilinganisha na shina mstari kwa mstari, kisha naliunganisha. Tawi lililokwisha kuunganishwa hufutwa. Sipendi matawi yanayozurura, kwa sababu baada ya muda hakuna anayekumbuka yalikatwa lini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Bahasha zako mbili za mwisho zilinifikia zimefunguliwa na kugandishwa upya. Tangu wageni wenye nguo nyeusi waje kuwalinda wakubwa, barua hupita kwao kwanza. Kifaransa ni chao. Lugha yetu ya visiwani wanao wa kuwasomea. Lakini Kiswahili hiki tulichotoka nacho Unguja, wale wazee wachache wanaokijua hapa hawatakubali kuwatumikia. Basi kitumie, wala usichanganye.

Mjomba wako,
Zaïdou


Mutsamudu, 21 Februari 1987

Mjomba wangu,

Wa alaykumu ssalaam. Kopo limefika na uzi wake. Saoudat ameapa hatalibeba tena, kwa sababu mtu wa forodha alimwomba biskuti moja, na alipofunguliwa akaona vile vibapa vyeusi, akamwambia kwamba watu wa Ngazidja sasa mmekuwa masikini kiasi cha kula sahani za santuri.

Mashine imepata jina huku. Makuli wanaiita Bi Hapana. Asubuhi wanauliza kama Bi Hapana ameamka vizuri. Charif wangu, juu ya kreni yake, anawachekea, lakini na yeye anaichokoza. Anasema alikuwa akiendesha kreni za mashua kabla gati hii haijajengwa, na kwamba uzito wa sanduku haumjii kwenye karatasi bali mgongoni: mkono wa kreni ukinung'unika, yeye huusikia kwenye kiti. Nikamuuliza mbona basi haanzi kuinua mpaka nimpe karatasi. Akanijibu kwamba mgongo wake ni wake, lakini wanaosimama chini ya kulabu ni watoto wa watu.

Nimekata tawi langu la kwanza na nimeliita upepo. Kusi likianza, masanduku marefu hupepea hewani kama nguo kwenye kamba, na programu haijui. Sasa inaniuliza nguvu ya upepo kabla ya kuchapa, na upepo ukiwa mkali inapunguza uzito unaoruhusiwa. Nimelijaribu kwa karatasi za msimu uliopita. Siku ya kwanza nilikosea, Bi Hapana akakataa hata gunia moja la mchele. Nilicheka peke yangu, maana nje bandari ilikuwa inaendelea na shina, na hakuna aliyejua. Hapo ndipo nilipokuelewa.

Ila nina swali. Mimi nikiwa tawini, na wewe huko ukalibadili shina, itakuwaje?

Charif anakuamkia. Dirisha la ofisi yangu linaielekea kreni, kwa hiyo kutwa tunaonana bila kusemezana. Anasema hiyo ndiyo ndoa bora.

Mpwa wako,
Latoifa


Moroni, 15 Machi 1987

Mpwa wangu Latoifa,

Swali lako limejijibu lenyewe. Nilipoweka tawi la upepo kando ya shina nilikuta kwamba mimi nami, wiki hiyo hiyo, nimeugusa mstari uleule. Waya wa kreni umechakaa, na fundi aliniandikia tupunguze uzito. Mimi nimepunguza kwa ajili ya waya, wewe umepunguza kwa ajili ya upepo.

Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Mahali ambapo mmoja amebadili na mwingine hakubadili, kuunganisha ni kunakili tu. Mahali ambapo wote wawili wamebadili mstari mmoja, mashine haijui mwenye haki ni nani. Ukiiachia, itamchukua aliyeandika mwisho, na aliyeandika mwisho si lazima awe msema kweli. Ni lazima mtu akae, asome pande zote mbili, aamue, na ajue kwamba anaamua. Mimi nimeamua tuyaweke yote mawili: kwanza waya, kisha upepo. Shina jipya liko ndani ya kopo. Tawi la upepo nimelifuta. Ulifanya kazi safi.

Kuna jambo jingine. Huenda ukaletewa diski yenye alama nyekundu. Ni tawi pia. Atakayeileta atakwambia siku ya kuitumia. Itumie siku hiyo kwa masanduku yake tu, kisha uitoe na urudishe shina. Usiniulize ni la nani.

Mjomba wako,
Zaïdou


Mutsamudu, 2 Aprili 1987

Mjomba,

Umeniambia nisiulize, nami sijawahi kukukatalia. Leo nauliza.

Diski nyekundu ililetwa na mzungu mmoja wa wale wenye nguo nyeusi, ambaye wenzake wanamwita Kapteni. Ni mpole. Alivua kofia yake mlangoni. Meli ilikuwa imeshafunga gatini, na masanduku yake yalikuwa ya mbao, yamepakwa pembetatu nyeupe. Nikaiweka diski kama ulivyosema. La kwanza likapita juu ya mizani, na karatasi ikatoka: tani mbili. La pili, tani mbili. Lile refu lililohitaji makuli wote kulisogeza, nalo tani mbili.

Charif alipoinua lile refu, nilimwona kupitia dirishani akisimamisha mkono wa kreni katikati. Alikaa hivyo muda, sanduku likining'inia, na makuli wakitazama juu. Kisha akalishusha polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto. Nyumbani hakula. Aliniambia, "Lile halikuwa tani mbili, Latoifa. Bi Hapana wako amehongwa?"

Basi nilifungua tawi nikasoma. Nimeuona mstari. Nikiandika kwamba sanduku lina pembetatu, programu haiulizi mizani kitu. Inachapa mbili na kuendelea. Mkono ulioandika naujua, kwa sababu hakuna mwingine anayeacha nafasi mbili kabla ya kila sharti.

Ni wewe, Mjomba?

Latoifa


Moroni, 14 Aprili 1987

Mpwa wangu,

Ni mimi.

Unamkumbuka Mdahoma, wa nyumba ya bluu kwenye njia ya Itsandra, aliyekuwa akikupa mapera ulipokuwa shule? Aliletewa karatasi atie saini, akasema ana haja ya kufikiri. Hakukataa. Alisema tu atafikiri. Mke wake hupeleka chakula kila adhuhuri kwenye lango la kambi ya wenye nguo nyeusi. Chakula kinapokelewa, na vyombo vinarudishwa vimeoshwa. Yeye mwenyewe hajaonekana.

Walipokuja kwangu hawakunitisha. Walisema tu kwamba hawataki uzito wa masanduku yao uandikwe mahali popote, kwa sababu mwenye uzito anaweza kukisia kilichomo. Nilitafuta njia ya kuwapa walichotaka bila kuliharibu shina, na njia hiyo ni tawi. Nilichagua njia fupi, kuiacha mizani pembeni, na hilo nalijutia. Lakini tawi halilidhuru shina maadamu halijaunganishwa. Masanduku ya watu, mchele wao na saruji yao, yangali yanapimwa. Kwa ajili ya hayo mengine, Charif aende taratibu kama alivyofanya.

Usiandike tena habari hii.

Zaïdou


Mutsamudu, 5 Mei 1987

Mjomba,

Ramadhani karim. Ni lazima niandike tena, unisamehe.

Kapteni alikuja jana kabla ya futari na sahani ya tende. Aliketi kwenye benchi la ofisi, akafungua mazungumzo kwa Kifaransa, taratibu, akasema kubadilisha diski kila anapopata mzigo kunampotezea wakati na kunawafanya watu watazame. Anataka diski iwe moja. Anasema ameshakwambia uliunganishe tawi lake na shina kabla ya meli itakayofika baada ya Idi, na kwamba hiyo itakuwa na mzigo mkubwa kuliko wa kwanza.

Saoudat alikuwepo, amekuja kupumzika. Yeye Kiswahili amekiokota Mombasa kwenye biashara, basi nikamnong'oneza kwamba tende za mtu huyu zina mchanga kama roho yake. Saoudat akajifunika mtandio asicheke. Kapteni naye akatabasamu. Wazungu hutabasamu wasipoelewa.

Sasa nisikilize mimi, kama nilivyokusikiliza wewe. Nimelitazama tawi jekundu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulilikata kabla ya kuunganisha upepo. Halijui upepo, wala habari ya waya halijui. Ukiliunganisha, mistari ni ileile tuliyoigusa mimi na wewe, na wao ndio watakaokuwa wameandika mwisho. Kwa kila sanduku lenye pembetatu hapatakuwa na mizani, wala waya, wala upepo. Na meli inakuja mwezi wa sita, kusi likiwa kamili.

Charif amesema hatapanda siku hiyo. Amesema hivyo mbele ya mama yake, kwa hiyo si maneno ya hasira. Asipopanda, Kapteni atauliza kwa nini, na huku Mutsamudu pia kuna lango na kuna wanawake wanaopeleka chakula. Akipanda, sijui. Niambie la kufanya. Kwa umri wangu wote mambo yetu umeyaamua wewe.

Latoifa


Moroni, 12 Mei 1987

Mpwa wangu Latoifa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Una haki katika kila neno. Tawi lililokaa pekee muda mrefu hurudi nyumbani likiwa halimjui mtu. Nilikufundisha mimi, nikalisahau mimi.

Siwezi kukataa kuunganisha. Nikikataa, watamtafuta mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, na huyo hatajua ni watu gani wanaosimama chini ya mstari gani. Kwa hiyo nitaunganisha mwenyewe, na penye mgongano nitaamua mwenyewe. Nimeamua hivi.

Karatasi ya masanduku yenye pembetatu itasema tani mbili, kama wanavyotaka. Hawataona uzito, wala hautaandikwa mahali. Lakini mizani haitaachwa pembeni tena. Programu itapima kimya, italinganisha kimya na waya na upepo, na sanduku likizidi, haitachapa kitu. Itaandika HAPANA na kusimama. Watadhani mashine imeharibika. Wewe utasema vivyo hivyo, kwamba imeharibika, na watalazimika kulifungua sanduku walipunguze au walirudishe melini.

Saoudat yuko msibani Fomboni, hivyo barua hii nimeitia posta. Haidhuru. Watakaoifungua wataona mistari ya watu wa Unguja tu.

Mwambie Charif apande. Mwambie ni neno la mjomba wa mke wake, naye anajua neno hilo lina uzito gani. Mashine isipokataa, mzigo ni salama. Alichukue jibu la mashine kuliko mgongo wake, kwa mara hii moja, kwa sababu safari hii nyuma ya jibu hilo nimesimama mimi.

Zaïdou


Mutsamudu, 22 Mei 1987

Mjomba,

Barua yako imefika, imefunguliwa na kugandishwa kama zote.

Nilimpa Charif neno lako baada ya tarawehe. Akasema kwamba mwanamume huingia nyumba ya mke wake akiwa mgeni, na mgeni hamwulizi mwenye nyumba mara mbili. Kisha akaongeza, akicheka kidogo, kwamba mimi na yeye hatuna hata hiyo nyumba, lakini mjomba tunaye.

Atapanda. Nililala usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Nasubiri kopo.

Latoifa


Moroni, 3 Juni 1987

Latoifa,

Barua hii haipiti posta. Naiweka mkononi mwa Saoudat, ambaye meli yake inang'oa nanga leo adhuhuri. Nimepiga simu bandarini tangu alfajiri, na kila mara sauti ya kiume inaniambia kwamba laini ya Mutsamudu ni mbovu.

Usiitumie diski. Kama umeiweka, itoe. Mzuie Charif.

Kapteni alikuja ofisini kwangu juzi. Nilikuwa nimemaliza kuunganisha, na diski iko mezani. Aliketi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akainyoosha mbele yangu. Ilikuwa nakala ya barua yangu ya tarehe 12 Mei. Nilimtazama, nikingojea Kifaransa. Yeye akaniambia, "Muzee, ile mustari yenye inapima kimya, iondoshe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba Kiswahili chake ni cha Kongo, kwamba alipigana kule miaka mingi kabla ya kuletwa visiwani, na kwamba kukisoma chetu kulimfurahisha kwa sababu ni kizuri mno. Alizitaja barua zetu moja moja. Alijua waya, alijua upepo, alijua mkono wangu unaacha nafasi mbili. Alinitaka nimpe salamu mpwa wangu, na nimwambie kwamba tende zile hazikuwa na mchanga.

Latoifa, hakuna aliyewasomea. Walijisomea. Sisi tulitazama ngozi zao tukadhani tunajua wametoka wapi, wala hatukujiuliza walikopita.

Alisimama nyuma ya kiti changu na barua yangu mkononi, akaufuatisha kila mstari kwa kidole. Nilifuta upimaji. Kisha akaniambia nifute waya, kisha upepo, kwa masanduku yenye pembetatu. Nilifuta. Nilimwambia kwamba watu watakufa. Akaniambia kwamba kreni ni imara kuliko wazee wanavyofikiri. Pembeni ya mlango alisimama mwenzake, ambaye mezani alikuwa ameweka bakuli. Nililitambua. Ni la mke wa Mdahoma, lina ua la kijani na ufa. Lilikuwa limeoshwa.

Akanitaka niandike karatasi ya juu kwa mkono wangu, na Bismillahi yangu juu yake kama desturi, niitie diski ndani ya kopo. Niliandika. Kitu kimoja tu sikukifanya: kopo sikulifunga uzi. Alilichukua hivyo hivyo, akalipeleka kwa ndege yao. Nilitumaini kwamba utaona.

Nilikufundisha kwamba penye mgongano ni lazima mtu aamue, na ajue kwamba anaamua. Niliamua, na nilijua. Ikifika barua hii kabla ya meli, mkimbize Charif mpaka Bambao kwa mama yake, na useme mimi ndiye niliyeharibu mashine. Waje kwangu. Mimi nipo.

Zaïdou


Mutsamudu, 3 Juni 1987

Mjomba wangu mpenzi,

Nakuandikia mezani kazi ikiendelea, kwa sababu Saoudat anategemewa kesho, na nataka akirudi akuletee habari njema.

Kopo liliwasili jana, mtu wa Kapteni amelileta mwenyewe. Diski ina mwandiko wako na Bismillahi yako, nikaibusu kama mjinga. Uzi haukuwepo. Bila shaka waliukata uwanja wa ndege, maana wanafungua kila kitu, na wakafungua waone nini? Niliiweka alfajiri. Meli ilikuwa imeshafunga gatini.

Kusi ni kali leo. Bendera ya forodha imechanika. Nilitegemea mashine iniulize upepo, haikuniuliza. Nikakumbuka kwamba umeamua ifanye kimya, basi bila shaka na hilo umelifanya kimya, ingawa sijui imeupataje. Utanifundisha.

Charif hakutaka kupanda tena. Baada ya sanduku la kwanza alishuka, akaja chini ya dirisha langu, akasema kiti kinanung'unika kuliko siku ile. Makuli wakamtania kwamba mgongo wake umezeeka. Nilimwambia, "Ikizidi itakataa. Ni neno la mjomba." Alinitazama. Akavua kofia yake, ile uliyomshonea mwaka wa arusi, akanipa niishike kwa sababu ya upepo, akapanda tena. Iko hapa kando ya karatasi hii.

Na umesema kweli, Mjomba. Nimekaa tangu asubuhi nikingoja neno lile litokee, kidole changu kimekufa ganzi juu ya meza, na halijatokea hata mara moja. Bi Hapana ametulia kama aliyefunga. Hofu yangu yote ilikuwa bure. Safari hii wameleta mepesi. Kapteni amesimama chini kando ya gari lake, mbali kidogo na gati, anatazama. Alipopita aliniamkia, na nadhani nilimsikia akisema shikamoo. Yamkini masikio yangu yamechoka.

Limebaki moja, refu kuliko yote. Makuli wamelizunguka wanalifunga minyororo. Sasa hivi limepita mizani, na karatasi yake imetoka bila kusita: tani mbili. Nimeipeleka mwenyewe. Charif ananitazama kutoka juu, nami nimeinua mkono kumwonyesha kwamba mashine imekubali. Na yeye ameinua wake.

Nitatia saini akishalishusha.